Picha ya Ijumaa na Nyumba ya Nkuhungu

Picha ile imegharimu bando la intaneti la buku, shilingi elfu moja, ambalo lilikuwa langu, na huenda ikagharimu nyumba ya vyumba viwili Nkuhungu, ambayo si yangu. Nimepiga hesabu mara mbili. Mara zote mbili anayelipa zaidi ni yule ambaye hakuulizwa.

Nina kikundi mtandaoni cha picha za mitaa ya Dodoma. Wanachama wanatuma, mimi nachuja, na kila Ijumaa naweka moja juu kabisa. Nachagua kama mtu anayenunua mbuzi mnadani: natazama, najifanya naondoka, narudi, natafuta kasoro. Ile ilikuwa ya mama anayeuza nyanya kando ya barabara, kajitanda nguo nyeupe toka kichwani mpaka miguuni. Vumbi jekundu, nyanya nyekundu, ukuta wa tofali mwekundu, na yeye katikati. Kasoro sikuiona. Nikaandika chini yake: "Nkuhungu, asubuhi ya leo. Vumbi limemshindwa."

Mimi ni mtu wa kanisani. Waislamu wa kikundini waliitambua nguo ya eda palepale, ila nadhani kila mmoja alidhani mwenzake ameshaniambia. Mumewe alikuwa amezikwa mwezi uliotangulia. Alitakiwa atulie ndani miezi minne na siku kumi, lakini unga uliisha, na watoto hawajui kufunga tumbo kwa ajili ya eda.

Picha ikafika Chemba, kwa ukoo wa marehemu, kabla ya Jumatatu. Yule mama akatafuta namba yangu, akanipigia: "Kaka, wewe ndiye uliyenianika? Basi njoo uongee na shemeji yangu. Mimi hanisikii."

Nilimkuta shemeji, mdogo wa marehemu, kakalia kigoda mlangoni, miguu kainyoosha kama mwenye nyumba.

"Ndiye wewe mwenye mtandao?"

"Mtandao una wenyewe, kaka. Mimi nachagua picha tu."

"Basi una jicho. Ukoo mzima tumemwona shemeji yetu barabarani, na kaburi halijakauka."

Nikamwambia picha nimeshaifuta. Akatoa simu, akanionyesha nakala aliyoihifadhi, na maneno yangu chini yake. Nikamwambia nimemuuliza mwalimu wa madrasa, kasema mjane asiye na wa kumlisha anaruhusiwa kutoka mchana kutafuta riziki.

"Huyo mwalimu wako hatukumwona makaburini," akasema. "Asiyeweza kutulia ndani miezi minne, ataitunza nyumba ya ndugu yetu?"

Hapo nikamwelewa. Nimekaa na wachuuzi miaka mingi, namjua mtu anayetaja kasoro ya mzigo ili auchukue bure.

Shemeji alipoinuka kwenda uani, mama alinisindikiza mpaka kizingitini, hakuvuka.

"Jumapili ukoo unakaa kikao hapahapa juu ya nyumba hii," akanong'ona. "Njoo useme picha ni ya zamani, mume wangu alikuwa hai."

"Na nguo je, dada?"

"Sema nilikuwa napenda nyeupe."

"Na pale nilipoandika asubuhi ya leo?"

Ndani mtoto alikuwa anakwangua sufuria.

Leo ni Ijumaa, na juu ya kikundi sijaweka picha, nimeweka haya. Nikidanganya, shemeji anayo simu mkononi. Nikisema kweli, nimemkabidhi nyumba kwa kinywa changu. Mnaozijua koo za Kondoa na Chemba, na mliowahi kukaa vikao vya namna hii, niambieni: Jumapili nikisimama mbele ya wazee wale, niseme nini?