Mtani Aliyechukua Ufunguo

Mkasa mzima ulinigharimu kitasa kipya, mwavuli mmoja, kikombe cha bati na aibu ya kutosha. Nimeupigia hesabu mara mbili, mwanangu, na bado naona niliponea kwa bei ya kutupa. Kwa hiyo kaa kwanza, begi lako halina miguu. Nimesikia umepata chuo Korogwe, bweni limejaa, na utapanga chumba mtaani. Mimi nami nilipanga mtaani mle mle, na kuna siku moja ya huko ambayo nikiikumbuka hata leo damu inachangamka.

Nilikuwa nimetoka Handeni, binti wa Kizigua mwenye ulimi, najiona mjanja kuliko mji mzima. Chumba nilikipata Manundu, kwa Bi Kalunde, mama wa Kinyamwezi ambaye wazazi wake waliletwa na kazi ya mkonge kule Mazinde wakazeekea huku huku. Tulivutana kwenye kodi asubuhi nzima, mpaka akanipunguzia na kunipa na ndoo juu, nadhani ili tu nimwondokee mlangoni. Sisi na Wanyamwezi ni watani, unajua. Tangu siku ile hakuniita jina langu. Nikimwamkia shikamoo, marahaba yake ilikuja na mkia: "Mzigua, ukifa leo godoro ni langu." Nami namjibu kwamba nimeshalipigia bei, aandae hela. Tukicheka hivyo, nyumba nzima inachangamka.

Mwenzangu chumbani alikuwa Zaina, Msambaa wa Mpale, mpole, mtu wa kufunga mlango kisha akarudi kuusukuma aone kama umefunga kweli. Nilikuwa namcheka. Mimi nilidhani vitu vya kuhakikisha mara mbili ni chenji tu.

Basi siku moja nimesimama njia ya chuo nagombana na muuza mahindi ya kuchoma, namrushia na maneno ya Kizigua ili apunguze, mara mkono ukatokea nyuma yangu ukanipokonya hindi. Kijana mtanashati, begi begani. Akaling'ata palepale. "Mtumwa wangu," akasema, "nani kakuruhusu kula kabla ya bwana wako?" Alijitambulisha kuwa ni Maganga, Mnyamwezi aliyekulia Hale. Muuza mahindi akacheka, nikacheka na mimi. Mtani akikuchukulia kitu hununi. Ndivyo nilivyolelewa.

Baada ya hapo akawa anapita nyumbani. Siku ya kwanza akaondoka na kikombe, siku nyingine na mwavuli, huku akisema mtani haombi. Darasani nikawa nasimulia, watu wanashika mbavu. Zaina hakushika chochote. Aliniambia yule mtu anamuuliza mambo: siku zipi mimi nachelewa kurudi, mama mwenye nyumba anaondoka saa ngapi kwenda sokoni. Nikamwambia utani huu si wa kwao, ndiyo maana unampita pembeni.

Kisha ufunguo ukapotea. Ufunguo wa akiba, ulioning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, nimeufunga uzi mwekundu. Nilipoona msumari mtupu nikasema Maganga ataurudisha, huo ni utani wake.  Zaina alianza kukunja nguo zake. Wiki ile nilikuwa naanza mazoezi ya kufundisha, na yeye angebaki chumbani peke yake kila mchana, na mtu asiyemtaka anao ufunguo wa chumba chake. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba baba yake alimruhusu kusoma kwa shida sana. Likimpata jambo, wadogo zake wa kike nao hawatatoka Mpale. Afadhali arudi mwenyewe mapema.

Nilikwenda kwa Bi Kalunde nusu nacheka, nikamshitakia kwamba ndugu yake kachukua kikombe, mwavuli na sasa ufunguo, hata Zaina anaogopa na anafunga mizigo. Alikuwa anapepeta mchele. Ungo ukasimama.

"Alivyochukua mwavuli, nani alikuwepo?"

"Mimi tu, mama."

"Na ufunguo?"

"Hakuna aliyemwona."

Akaweka ungo chini. "Sikiliza, binti. Mimi nikikunyang'anya kitu, nakunyang'anya uwanjani, watu wanatazama, na unajua pa kukifuata. Huyu anangoja niondoke ndiyo aje kutania. Mwenzako kakwambia anaogopa, wewe ukamtafsiria utani."

Aliniita binti. Hapo ndipo nilipojua maskhara yameisha.

Usiku ule alitulaza chumbani kwake. Asubuhi akampa jirani kapu lake alibebe kwenda sokoni, lionekane limepita njia kama kawaida, Maganga adhani mwenye nyumba kaondoka. Mjumbe wa nyumba kumi akaja kukaa nyuma ya nyumba, na vijana wa jirani wakapindua baiskeli uwanjani wakijifanya wanaziba pancha. Mimi mazoezini sikwenda, nilikuwa dirishani na Zaina, moyo unapiga kama wa mtu anayesubiri matokeo.

Akaja, anapiga mluzi. Bi Kalunde akatoka jikoni akamsalimu Kinyamwezi. Yule akatabasamu tu. Mama akasema si neno, wengi wamezaliwa huku, lugha inapotea. Kisha akaanza utani wenyewe, mwanangu, utani wa mchana kweupe. Akamvua kofia akaivaa yeye. Akamwambia baba yake alizikwa kwa sanda ya mkopo na deni anadai yeye. Vijana wa pancha wakaangua kicheko. Maganga akakaza uso.

"Na hilo begi nalichukua," Bi Kalunde akasema. "Mtani haombi, au siyo?"

Akalishika mkanda. Yule akalivuta kwa mikono miwili, akamtukana tusi la kweli, akamsukuma mama wa watu kifuani. Begi likapasuka. Zikamwagika funguo.

Si wetu tu. Nyingine zina shanga, nyingine zina utepe, mmoja niliujua kabisa ni wa binti wa darasa letu aliyepanga mtaa wa pili. Na katikati yake uzi wangu mwekundu. Alikimbia, vijana wakaacha baiskeli miguu juu wakamfuata, wakamkamata relini, na mjumbe akawazuia wasimguse mpaka polisi wakafika. Hata Maganga halikuwa jina lake. Watu walipotaka kujua kabila lake, Bi Kalunde akawakatalia. Alisema hiyo siyo kesi iliyopo hapa.

Zaina alifungua begi lake, akazirudisha nguo mahali pake. Leo ni mwalimu, na wadogo zake wote walisoma.

Kwa hiyo, mwanangu, ukifika usitandike hata kitanda kabla hujaenda kwa mjumbe akujue sura na chuo unachosoma. Badilisha kitasa, mwenye nyumba akinuna niite mimi nije kuvutana naye. Ufunguo wa akiba usikae msumarini, na ratiba yako usimpe mtu anayeiulizia sana. Mgeni mpokee uwanjani, mwenye nyumba akiwepo. Mwenye nia njema hatachukia kuonekana. Na mwenzako akikwambia anaogopa, mwamini siku hiyohiyo. Usimfundishe kucheka.

Mungu akupe mwenye nyumba mwenye mdomo na majirani wenye macho, akutoe huko salama na cheti mkononi.

Sasa na wewe nishauri. Siku hizi watu kama yule hawaji mlangoni. Wanaingia kwenye simu, wanakutania wiki nzima, kisha wanauliza uko wapi na unakaa na nani. Huko kwenye simu uwanja uko wapi, mwanangu, na majirani ni nani? Mdogo wako ameshapata simu yake tangu juzi, anacheka nayo peke yake chumbani, nami sijui pa kuanzia.