Usinitangulie Kusoma

Kila Desemba, Kariakoo inapofurika watu wanaotafuta nguo za sikukuu, mimi na mume wangu tulikuwa na shughuli yetu ya ndani: kupanga vitabu vya mwaka unaokuja. Yeye alijinyoosha kwenye kochi chini ya dirisha, mimi nikakaa mezani na kalamu. Alitaja, nikaandika. Kimoja cha safari. Kimoja cha kuchekesha. Cha historia, ila kisiwe kinene sana. Halafu kigumu kimoja, "cha kututoa jasho," kwa sababu aliamini mwaka usio na kitabu kigumu ni mwaka wa uvivu.

Alikuwa haoni tena. Presha ya macho ilimnyang'anya nuru kidogo kidogo, jicho la kushoto kwanza, la kulia likafuata, mpaka akaacha ufundi kwenye karakana ya treni kule Gerezani. Alikuwa mtu wa kusoma tangu ujana wake Masasi, na mimi sikuwa tayari kumwona anakaa tu akisikiliza redio. Kwa hiyo kila jioni nikifunga duka langu la vitenge, nikipanda ngazi hadi kwetu, tukishakula, nilimsomea kwa sauti. Nje spika za wauza nguo zilirudia maneno yale yale, pikipiki zilipiga honi, na mimi nilipaza sauti kuzishinda. Baada ya miaka kadhaa nikawa hata siwezi kusoma kimya.

Alikuwa na sharti moja.

"Usinitangulie," alisema. Alinijua. Kitabu kikinoga, mkono unaniwasha kufunua kurasa za mbele. "Mama watoto, leo dukani hukuchungulia?"

"Sikuchungulia."

"Apa."

Naapa huku nacheka, naye anacheka, ndipo naanza.

Alifariki mwezi wa tano, masika yakiwa yanaishia. Asubuhi alilalamika kifua kinabana. Mchana tulikuwa hospitali. Jioni nilirudi na ndugu zake bila yeye, na kitabu chetu kilikuwa mezani, kimelazwa kifudifudi kama tulivyokiacha. Ilikuwa riwaya ya mtu aliyerudi kutoka safari ndefu akakuta nyumba yake imefungwa, mkewe hayupo, na majirani wanamwapia kwamba hawajawahi kuona mwanamke yeyote pale. Tulikuwa tumefika mahali yule bwana amepata ufunguo na ameuingiza kwenye kitasa. "Ishia hapo," mume wangu alikuwa amesema. "Atafungua kesho."

Msibani watu walinishika mikono wakisema, "Pole mama, mzee ametutangulia." Walisema linalosemwa. Hawakujua neno lile lilivyonichoma.

Kitabu nilikisukuma kabatini, chini ya mashuka, na kwa miezi yote iliyofuata sikusoma hata gazeti.

Desemba ilipoingia, binti yetu anayeishi Dodoma akanipigia simu. "Mama, usiache kupanga," alisema. "Panga vile ulivyokuwa unavitaka wewe, baba anavikataa."

Ni kweli vilikuwepo. Mimi napenda riwaya za mapenzi, na baba yake kila nikizitaja alikuwa ananisonya. Basi jioni ile nikakaa mezani, nikaandika kwamba Januari nitaanza na riwaya ya mapenzi. Nikasikia msonyo. Ulikuwa mfupi, wa kwenye meno, na ulitoka kwenye kochi. Niligeuka. Palikuwa na mto wake tu, na shimo alilolichimba kwa kulalia. Nikajiambia ni bomba la maji. Nikaandika cha pili, kitabu cha mapishi ya Pwani, na hapo akakohoa. Kikohozi chake ninakijua, na bomba la maji halikohoi. Niliiweka kalamu chini nikawasha redio mpaka usingizi uliponichukua.

Jumamosi nilikwenda kwa kijana anayeuza vitabu vya mtumba, anayetandaza turubai lake kwenye baraza la mtaa ulio mbali kidogo na dukani kwangu. Nilitaka kununua vyangu, nivishike mkononi, jambo liwe limekwisha.

"Shikamoo, mama. Mmepotea sana!"

"Marahaba, baba."

"Mzee hajambo?"

Hakuwa na habari. Kabla sijafungua mdomo alishainama nyuma ya maboksi yake, akaibuka na kitabu chenye picha ya garimoshi la zamani, moshi umefunika nusu ya jalada. "Hiki nimemfichia yeye. Watu wanakitaka, nawaambia kina mwenyewe."

Nilitakiwa kumwambia. Nilitazama uso wake ulivyochangamka, na mdomo wangu ukasema, "Hajambo."

"Mwambie namsalimia."

"Salamu zimefika."

Nilirudi nyumbani na kile kitabu kwapani, nikipenya katikati ya watu. Niliona kama nimefanya jambo zito. Nimesema hajambo mbele ya watu, mchana kweupe. Nilipofika mlangoni kwangu nilibisha hodi. Sijui kwa nini. Nilibisha, nikasubiri kidogo, ndipo nikafungua.

Baada ya chakula nilikifungua kile cha garimoshi. Macho yalipita juu ya mistari, hakuna kilichoingia. Nikajaribu kwa sauti. Nilisoma aya ya kwanza, nikanyamaza mwishoni mwake, kwa sababu hapo ndipo yeye husema "enhe." Nikangoja. Chumba nacho kilikuwa kinangoja.

Mlango ukagongwa, nikaruka.

Alikuwa Bibi wa mlango wa pili, mjane wa Kiarabu ambaye wanawe wana duka la udi na marashi chini ya jengo letu. Tulikuwa tunasalimiana kwenye ngazi miaka mingi, lakini kuja kwangu jioni hakuwahi.

"Shikamoo, Bibi. Karibu ndani."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia umeanza tena." Alisimama pale pale mlangoni, mtandio ameushika kidevuni. "Lakini mbona umeanza kingine? Yule bwana na ufunguo wake, alifungua?"

Ilinichukua muda kumwelewa. Jikoni kwake na sebuleni kwetu tunatenganishwa na ukuta wenye matundu ya hewa juu karibu na dari. Kumbe miaka yote ile, nikianza kusoma, yeye husogeza kigoda chake ukutani. Utotoni alisomeshwa Kurani tu, shule hakupelekwa.

"Kwa nini hukutuambia, Bibi? Ungekuja ukae."

"Ningesema, mngeanza kunong'ona."

Nikamweleza kwamba sijui kama yule bwana alifungua, kwa sababu niliapa kutomtangulia mume wangu.

Alinitazama kwa huruma. "Mwanangu," akasema, "nani kamtangulia nani?"

Nililia pale mlangoni kama siku ya mazishi. Aliniacha nilie. Nilipomaliza nikaenda kabatini, nikakitoa kitabu chini ya mashuka. Bibi aliingia, akaelekea kwenye kochi, kisha akaghairi, akavuta kiti cha mezani.

"Hapo pana mwenyewe," alisema.

"Na wewe unamsikia?"

"Kikohozi. Nilidhani ni wewe, mpaka uliposafiri kwenda Dodoma kwa binti yako baada ya msiba, nikakisikia nyumba imefungwa."

Vinyweleo vilinisimama. Lakini kulikuwa na furaha ndani ya ile hofu, siwezi kuificha. Nilisoma. Yule bwana akazungusha ufunguo, mlango ukafunguka. Tulisoma jioni ile na jioni zilizofuata, mpaka ikajulikana kwamba mke alichoka kusubiri, akahamia mji mwingine, akawaomba majirani wamkane.

"Ah!" Bibi akapiga kofi pajani. "Kumbe alimkimbia tu!"

Mume wangu angegombana na mwandishi yule wiki nzima. Nilifunga kitabu nikageukia kochi, nikasikiliza. Sikusikia kitu. Wala kesho yake, wala keshokutwa. Nilimuuliza Bibi, akatikisa kichwa. Kwake pia kimya. Wengine wangeshukuru. Mimi nilikaa na ule ukimya, nikaona kwamba mwezi wa tano nilikuwa sijampoteza kabisa, na sasa nimemmalizia kwa kusoma.

Orodha ya mwaka tuliipanga na Bibi, mbele ya birika la chai. Anataka hadithi za wafalme. Anataka kitabu chochote kuhusu Hadhramaut, alikotoka baba yake, na bado sijakipata. Ya mapenzi amekubali moja, mradi watu wasife.

Tumeanza. Anasikiliza kwa makelele, anawatukana wahusika, ananikatiza kila aya. Saa yake ya kuondoka ikifika anatafuta kandambili zake kwa mguu, na mimi najifanya sioni. Namwongezea chai.