Kumsalimu Mama Mkwe kwa Goti Bovu

Nilianguka Rujewa, kwenye bonanza la walimu, mchana wa jua kali na vumbi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mbeya, na kwenye netiboli nafasi yangu ni senta, ambayo ukiichezea kivivu timu nzima inakufa. Nilidaka mpira, mwili ukageuka, mguu wa kulia ukakataa kugeuka nao. Goti likalia ko! Wenzangu wanasema ukelele nilioupiga ulisimamisha mashine za kukoboa mpunga. Wanatia chumvi, lakini si sana.

Hospitalini Mbeya daktari wa mifupa aliniambia kano ya goti imechanika, ila si yote, kwa hiyo sitapasuliwa. Nitafanya mazoezi tiba. Nikifuata masharti nitarudi uwanjani, nisipofuata goti litabaki legelege na netiboli nitaitazama kutoka kwenye benchi. Mtu ambaye hajawahi kucheza anaweza kudhani hilo ni jambo dogo. Mimi darasani nina watoto wengi kupita kiasi, nyumbani nina sufuria zangu, na uwanjani ndipo mahali pekee ambapo hakuna anayeniita kuomba kitu. Niliogopa sana kupakosa.

Mtaalamu wa mazoezi alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye vidole vigumu na mdomo usiopumzika. Chumba chake kilikuwa na baiskeli isiyokwenda popote, mipira ya kuvuta, na ngazi za mbao unazopanda upande huu na kushuka upande wa pili bila kufika. Alinifundisha kukaza msuli wa paja na kuchuchumaa nusu huku nimeegemea ukuta. Kukimbia, marufuku. Kuruka, marufuku. Kupiga magoti, marufuku kabisa. Nilimpenda tangu siku ya kwanza, ingawa alinigombeza tangu siku ya kwanza.

Tatizo likawa hili: Ijumaa goti linaondoka kwake limekonda, Jumatatu linarudi limenona.

“Madamu, umeanza kucheza,” akasema.

“Sijacheza, dokta.”

“Goti halijivimbishi lenyewe.”

Nilikasirika. Barafu naweka, mazoezi nafanya, mpira siushiki hata wa watoto shuleni, halafu naitwa mwongo! Wiki iliyofuata nilikwenda nimenuna. Kwenye korido alikuwepo bibi mmoja aliyekuja kunyooshwa bega, na mimi, pamoja na kununa kwangu, sikulelewa porini. Nikashuka, magoti yote mawili kwenye sakafu ya saruji.

“Shikamoo bibi.”

“Madamu!” Mtaalamu alikuwa amesimama mlangoni mwake. “Baki hapohapo! Unafanya nini?”

“Namsalimia bibi.”

“Kwa magoti?”

“Sasa nimsalimieje?”

Akanivuta ndani, akaniuliza Jumapili huwa nakwenda wapi. Kanisani, nikamwambia, halafu kwa mama yangu, halafu kwa wazee wa mtaani. Na huko kote unapiga magoti? Kote! Kwetu Unyakyusa mwanamke hamsalimii mkubwa amesimama kama nguzo ya umeme. Akashika kichwa. Naapa haikuwahi kunijia akilini. Aliposema kupiga magoti, mimi nilielewa kule kwa kudeki sakafu. Kule kwingine hakukuwa na jina la mazoezi, kulikuwa salamu tu. Tulicheka mpaka bibi wa bega akachungulia.

“Kuanzia leo unainama kidogo, basi,” akasema. “Mpaka nikuruhusu.”

“Na mama mkwe?”

Hapo akaanza kukunja mipira yake ya kuvuta. Na yeye ameolewa.

“Mwambie unaumwa,” akasema mwishowe, kwa sauti ya mtu asiyeliamini neno lake.

Mama mkwe wangu yuko Iringa, kwenye mlima juu ya Ipogolo. Ni Mhehe, mkulima, mwanamke wa umbo kubwa na maneno machache. Nampenda na ninamwogopa kwa kiasi kilekile. Mtoto wa wifi yangu alikuwa anapata kipaimara, kwa hiyo kwenda ilikuwa lazima. Mume wangu alimpigia simu kumweleza habari za goti. Mama akajibu, “Haya,” akakata. Ile “haya” ilinisumbua njia nzima.

Tulifika uani pamejaa. Mama amekaa kwenye kiti barazani, shangazi wa mume wangu pembeni yake, mawifi kwenye mikeka, na wote wakaacha maneno yao kututazama. Nilikuwa nimepanga kuinama, kama nilivyofundishwa. Lakini ukiona uso wa yule mama, mipango inayeyuka. Nikaanza kushuka.

“Simama!” mama akapaza sauti. “Nani kakutuma uje kuvunjia mguu uani kwangu?”

Nikaganda katikati. Yeye akashika mkono wa kiti, akateremka polepole, goti moja, halafu la pili, akatoa mguno aliojaribu kuugeuza kikohozi, akaketi mkekani na kunyoosha miguu mbele.

“Njoo hapa. Nyoosha na wewe. Haya, sasa nisalimie.”

Nikakaa kando yake, bega kwa bega. “Shikamoo mama.”

“Marahaba, mwanangu. Kamwene,” akanisalimia na yeye kwa Kihehe.

“Tangu lini mkwe anamshukia mkamwana?” shangazi akauliza.

“Tangu leo.”

Halafu akataka kuliona goti lenyewe. Nikalifunua. Akalibonyeza, akasema mbona dogo, akavuta kitenge chake kidogo kunionyesha ya kwake. Yalikuwa yamevimba kuliko langu, yamepinda, ya miaka mingi. Na mimi miaka yote hiyo namwona amekaa kitini nikidhani ni heshima ya ukubwa tu.

“Mama! Tangu lini?”

“Tangu hujaja kwetu. Yangu yananipeleka shambani na kanisani, yananitosha. Lako lina mpira wa kudaka.” Akalifunika goti langu kwa upindo wa sketi yangu. “Basi upone upesi. Nataka nije Mbeya nikuone ukidaka, haya yangu kabla hayajagoma kupanda basi.”

Nikamwahidi. Nikalia palepale, mbele ya mawifi wote, na sikuona haya. Mama akanipangusa kwa ncha ya kitenge chake, huku akimwambia shangazi aache kutushangaa, chakula kinapoa.