Barua Niliyokataa Kuandika

Mwanangu, kuna siku moja nikiikumbuka chai hainishuki. Nilikuwa Ulaya mwaka wa tano, nafanya kazi kwenye kiwanda cha mbao, kazi niliyojifunzia hapa hapa Mafinga. Nilikuwa nimekuja likizo nikamuoa Sekela, binti wa Mbalizi, fundi cherehani, nikarudi kazini peke yangu. Nikaanza kumwombea ukaazi anifuate. Siku hiyo ikaja barua ya uhamiaji: ombi limekataliwa.

Kosa lilikuwa langu. Nilipoingia nchi ile mara ya kwanza, kabla sijaoa, fomu iliuliza nina watoto wangapi. Nikajaza watatu. Walikuwa watoto wa marehemu kaka yangu, na wewe unajua kwetu, mtoto wa kaka ni wako, nani atauliza mara mbili? Sekela alipohojiwa akaulizwa mumewe amezaa watoto wangapi, akajibu hana hata mmoja. Alisema kweli, maskini. Wale wakaona mmoja wetu anadanganya, basi hata ndoa yenyewe wakaitilia shaka.

Mwanasheria akaniambia dawa yake ni ndogo. Niandike barua ya ukurasa mmoja kwamba watoto wale si wangu, ni wa kaka yangu, niambatanishe vyeti vyao vya kuzaliwa, nitie sahihi.

Nikakataa. Siku tulipomzika kaka, wazee walinikabidhi wale watoto mbele ya ukoo mzima, nami nikaitikia. Leo nichukue kalamu niandike hawa si wangu? Niliona ni kama nawatoa nje kwa mkono wangu. Ujanani nilikuwa mbishi, mwanangu, na ubishi wangu nikauita uaminifu.

Sekela, aliyekuwa akikaa na watoto hao hao hapa Mafinga, akanipigia simu. "Mume wangu, andika tu. Watoto ninao mimi, nitawaeleza mwenyewe."

Nikamjibu vibaya. "Unataka niwakane watoto wa marehemu kwa sababu ya karatasi?"

Akanyamaza. Hakuniomba tena, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani ameelewa.

Ikapita miaka tisa. Nilikuwa nakuja wiki tatu, naondoka. Mimba yetu moja iliharibika mimi nikiwa kule, na aliyemshika mkono hospitalini alikuwa dada yake. Nyingine hatukujaliwa. Hilo linaniuma mpaka leo, na sina wa kumlaumu.

Niliporudi moja kwa moja umri ulikuwa umekwenda. Jumapili moja tumetoka kanisani, tunakula, mazungumzo yakafika huko. Neema, mkubwa wa wale watatu, ambaye sasa ni muuguzi kule Chimala, hakuwahi kuisikia habari hiyo. Akaweka kijiko chini.

"Kumbe ni kwa sababu yetu, baba?"

Nikamwambia nilikuwa nawalinda.

"Ungeandika tu," akasema. "Ile barua ingetutoa vipi humu ndani? Sisi tulikuwa tunalala na mama huyu, tunasubiri simu yako."

Sekela akainuka, akakusanya vyombo, akatoka navyo nje.

Sasa na wewe, binti wa ukoo huu, unamwombea mumeo akufuate huko uliko, ndiyo maana nakwambia haya ambayo mengine sijamwambia hata mchungaji. Fomu ile haiujui ukoo wetu, na wala haina shida nao. Ikiuliza uliowazaa, jaza uliowazaa. Uliowalea wataendelea kukuita mama. Kabla hujatia sahihi, msomee mwenzako kila jibu kwa simu, naye akusomee yake, hata kama mtachoka. Ukikuta umekosea, sahihisha siku hiyo hiyo. Na mumeo akikuomba jambo kwa upole, usimjibu kama nilivyojibu mimi, maana mtu akishanyamaza huwezi kujua amebeba nini.

Mungu awakutanishe mapema, mwanangu, mngali na nguvu ya kucheka pamoja na kulea pamoja. Mimi na Sekela tunaishi nyumba moja sasa, namshukuru Mungu. Ila asubuhi nikimwona anatafuta miwani apitishe uzi kwenye sindano, najua ujana wake ulikwenda wapi.