Kompyuta Isiyovuma

Watu husema wivu ni ugonjwa wa wasichana. Mimi ulinishika nikiwa na watoto wawili, nikichagua mchele jikoni, na ulinishika kwa sababu ya kompyuta. Si ati mume wangu alikuwa ananinyima kitu. Alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda kimoja Thika, hanywi, mshahara analeta nyumbani, na wikendi alikuwa anarekodi kwaya za makanisa kwenye chumba cha nyuma cha nyumba yetu pale Kimbo, Ruiru. Tulikuwa tumetundika mablanketi ukutani ili sauti isirudi. Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea mwisho, na kurekodi kwa kompyuta ilikuwa habari mpya. Kuna majirani waliokuja kuiangalia tu, wakaangalia, wakaenda.

Shida ilikuwa kelele. Hiyo kompyuta aliinunua kuukuu kutoka ofisi fulani, na feni zake zilivuma kama posho mili ya kusagia mahindi. Kwaya ikivuta pumzi kabla ya ubeti, unasikia vuuu kwenye kaseti. Kiongozi wa kwaya moja akamuuliza kama walirekodiwa kando ya barabara. Hilo lilimuuma sana baba watoto. Siku moja alitoka kazini akasema mashine za kiwandani zinapozwa na maji yanayozunguka kwenye paipu, kwa hivyo hata kompyuta inaweza kupozwa na maji, na feni zitolewe. Nikamwambia maji na stima haviketi meza moja. Akacheka, akasema atatafuta mtu anayeelewa.

Huyo mtu anayeelewa ndiye alinitoa jasho. Alikuwa mwalimu wa kompyuta kwenye chuo kimoja Thika mjini, mwanamke mwembamba, hajaolewa, mwenye miwani na sketi zilizopigwa pasi sawasawa. Siku ya kwanza alinisalimia kwa mikono miwili, akaniita mama, akakataa kiti kizuri akakaa kwenye stuli. Angekuwa na madharau ningemchukia kwa urahisi. Hakuwa nayo, na mtu wa aina hiyo ndiye mgumu.

Walikaa kwenye meza yangu wakachora kompyuta yao nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita. Hapa kipande cha shaba, kikae juu ya kile kidude cha ndani kinachopata moto. Hapa pampu ndogo ya kusukuma maji. Hapa rejeta, ile ndogo ya hita ya gari, ikae juu ya kasha ili joto lipande lenyewe bila kupulizwa. Mume wangu alikuwa anaanza sentensi, mwalimu anaimalizia. Mimi nilikuwa nimeolewa na huyo mtu miaka yote hiyo, na sentensi zake bado nilikuwa nazingojea mpaka ziishe.

Nilijaribu kuingia. Nikauliza, "Na maji yakimwagika?"

Wote wawili wakanigeukia kwa upole. "Hiyo tumeshaifikiria," mume wangu akasema, wakarudi kwa kalenda yao. Nikarudi kwa mchele wangu.

Alipokuja mara ya tatu nilikumbuka kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe sikuwa nalo karibu, nikampa kisu na karai la viazi. Nilitaka aone kazi ya nyumba hii inafananaje. Akakaa kwenye kigoda akamenya, maganda membamba, haraka haraka, huku anamweleza mume wangu aliyesimama mlangoni kwa nini lazima watumie yale maji safi ya kutia kwenye betri ya gari, si ya mfereji yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika. Alimenya vizuri kuliko mimi. Hata hilo nilimwekea kinyongo.

Halafu ikaja hiyo pampu. Hoteli ya zamani kule kwenye maporomoko ya Chania ilikuwa inaondoa tangi lake la samaki, na mwalimu alijuana na mtu wa hapo. Wakaenda pamoja kuchukua pampu ya tangi, Jumamosi mchana. Mimi nimezaliwa Thika nikaolewa Ruiru, na hoteli hiyo nilikuwa nimeiona kutoka ng'ambo tu, nikipita na kikapu. Mume wangu alirudi na kitu kidogo kwenye mfuko wa nailoni, uso umejaa furaha.

"Mlikunywa chai?" nikamuuliza.

"Wapi?"

"Huko hotelini kwenu."

"Tulipewa soda tukingoja. Lakini aki hii pampu haina hata sauti. Sikiza."

Akaitumbukiza kwenye beseni yangu ya vyombo, akaiwasha. Kweli haikuwa na sauti. Mimi nilikuwa nasikiliza ile soda. Ilikuwa ya rangi gani? Walikaa wakiangalia maporomoko, ama ukuta? Nani alimfungulia mwenzake chupa? Wivu hauna haya, unauliza mpaka habari za vizibo. Usiku huo nilimpakulia chakula bila kumwambia karibu, na hakuona tofauti.

Walipomaliza kufunga paipu zao zote, kompyuta iliwaka ikanyamaza. Ilibidi waangalie taa ndogo ya mbele ndio wajue imewaka. Mume wangu akaweka sikio kwenye kasha upande huu, mwalimu akaweka lake upande ule, wakaanza kucheka vichwa vikiwa karibu hivyo. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo na trei ya chai. Hakuna aliyeniambia njoo nawe usikize.

Na hapo ndipo mateso yangu yalianza sawasawa. Wakati wa kelele, nikiwa jikoni nilikuwa najua kila kitu. Ikivuma, wanafanya kazi. Ikizimwa, sasa wanatoka. Lakini sasa mlango umefungwa, mablanketi yako ukutani, ndani ni watu wawili na mashine isiyosema chochote. Ningejuaje? Nikaanza kupeleka chai. Nikapeleka mandazi. Nikarudi kuchukua sahani ya mandazi. Kila nikifungua nakuta kitu kimoja, wamekodolea skrini macho, mikono iko mezani, wanazungumza polepole. Ubaya wa kushika haukuwepo, na bado nilirudi jikoni nikiwa nimechomwa. Afadhali ningekuta ubaya, ningejua pa kuanzia.

Basi nikafuma kitambaa.

Kwetu kitu cha maana hakikai uchi. Viti vina vitambaa, redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, hata thamosi. Mama yangu alinipa vyake nilipoolewa, na katika kikundi chetu cha akina mama tulikuwa tukikutana na krosia zetu, tunafuma na kusengenya. Kikivishwa kitambaa changu, kitu ni cha nyumba yangu, na mgeni akiingia anaona bila kuambiwa. Nilikifuma kikubwa, uzi mweupe na maua ya zambarau, kikafunika kasha na ile rejeta iliyokaa juu yake, kikateremka mpaka ubavuni. Nilikitandika bila kuuliza mtu. Baba watoto aliporudi kutoka kazini alisimama akakitazama.

"Ni kizuri," akasema.

Akakiacha hapo. Wiki nzima kila nikiingia asubuhi kufagia nakikuta kimenyooka juu ya mashine yao, na nilitembea hiyo nyumba kwa raha. Hata mwalimu alipokuja katikati ya wiki nilimkaribisha kwa roho safi.

Jumamosi ikaja kwaya ya wanawake wakulima kutoka upande wa mashariki ya Thika. Walikuwa wamevaa sare, wamejipanga kwenye hicho chumba bega kwa bega. Mwalimu alikuwa kwenye kompyuta, mume wangu kwenye maikrofoni. Mimi nilisimama mlangoni kwa ndani. Hiyo siku nilitaka kuonekana, na nilitaka kitambaa kionekane. Wimbo wa kwanza ulienda vizuri. Wa pili ulipofika katikati, skrini ikaganda na wimbo ukapotea. Wakaanza upya. Ikaganda tena, mapema kuliko mara ya kwanza. Mama aliyekuwa anaanzisha nyimbo alikuwa mtu mzima, na sauti yake ilianza kukwaruza. Mume wangu akaingiza mkono chini ya kitambaa, akagusa rejeta, akautoa upesi. Kisha akanitazama, akatazama chini.

"Nilikuambia umwambie kabla ya leo," mwalimu akamwambia kwa sauti ya chini. Lakini chumba kile tulikitengeneza ili kila neno lisikike wazi.

"Ningemwambiaje? Unajua angeumia."

"Sasa utakuwa unakitoa na kukirudisha mpaka lini?"

Nilielewa yote mara moja. Mtu ambaye amewahi kufunika sufuria hahitaji kufundishwa habari za joto. Jioni zote hizo alikuwa anaondoa kitambaa changu kabla ya kuwasha, na akimaliza anakinyoosha tena juu ya mashine ndio nikikute asubuhi. Leo nimesimama mlangoni, hakuthubutu. Hilo la joto halikunisumbua. Lililonikata maini ni kwamba walikuwa wameketi, wao wawili, nyuma ya mlango ambao mimi nilikuwa nikiulinda kwa chai, wakanizungumzia. Wakapima nitaumia kiasi gani. Mume wangu alikuwa akinihurumia kweli, na huruma yenyewe alikuwa amempelekea mwanamke mwingine.

Nikapita katikati ya wale akina mama, nikakitoa mwenyewe. Kilikuwa cha moto kama nguo iliyotoka kwenye pasi. Nikakikunja, nikawaambia kwaya waje wanywe chai mashine ipoe. Walipomaliza chai waliimba nyimbo zao zote, na hakuna kitu kilichoganda. Baadaye walisikilizishwa. Kati ya ubeti na ubeti hakukuwa na vuuu, ni pumzi zao tu, na yule mama mtu mzima akafuta machozi.

Walipoenda tukabaki watatu mezani, mwalimu ameshika mkoba wake magotini, anataka kuondoka na hajui atapitia wapi. Kitambaa nilikuwa nacho mapajani. Sikupiga kelele. Nilimwambia mume wangu, "Ungeniambia, kingetoka siku ile ile. Neno linalonihusu niambie mimi. Usianze kwa mtu mwingine."

Alimtazama mwalimu kwanza. Halafu akanigeukia akasema, "Sawa."