Jeneza la Mgomba

Kocha alikuwa akitemea mate sindano kabla ya kujaza mpira upepo, kisha akauweka sikioni kusikiliza kama unavuja. Kabla ya kila mechi alizunguka uwanja akiwapa mashabiki mkono, hata waliomtukana juzi. Siku hizi nani hufanya hivyo?

Wekoye aliyakumbuka hayo kwenye mazishi ya kocha huyo Kitale, mwaka wa 2006, akiwa amejibanza nyuma ya umati. Miaka mingi nyuma, timu yao ilipofungwa manne kule Bungoma, ni yeye Wekoye aliyekata shina la mgomba na kulifunika shuka kama jeneza, akalibeba begani pamoja na mashabiki wakiimba kwamba wanamzika kocha.

"Mzee, ingia ndani bana, nafasi iko!" Wekoye alimpigia kelele kocha.

Kocha alivua kofia, akasimama wima, kama watu walivyosimama zamani maiti ya yeyote ilipopitishwa, mpaka mgomba ukapita.

"Ati Wekoye amejificha huko?" nahodha wa zamani aliita kutoka penye jeneza. "Kuja ubebe. Si wewe ulikuwa mtu wake?"

Wekoye alisogea, akainama, akatoa bega la kushoto. La kulia ndilo lililobeba mgomba siku ile.