Tumbo la Mbuzi wa Mjini

Assalamu alaykum. Naitwa Hamdi, nina miaka kumi na tisa, mwenyeji wa Galbet hapa Garissa. Kabla sijafika mbali nawaonya: habari yangu ina choo ndani yake, tena choo kingi. Anayekula amalize kwanza, kisha aje tuendelee.

Nilikuwa mtoto wa mwenye duka, na aliyelelewa dukani anajua maana yake. Baba yangu, ambaye sisi tunamwita Aabo, alipanga biskuti, krispi, peremende na tambi za pakiti kwenye rafu ya chini kabisa, usawa wa mkono wangu. Asubuhi nilikula biskuti za krimu kwa chai. Shuleni, saa ya mapumziko, nilivunjavunja tambi kavu ndani ya pakiti yake, nikanyunyizia ule unga wa chumvi na pilipili, nikatikisa, nikatafuna kama njugu. Wenzangu walinizunguka wakiomba, nami niligawa kama mbunge wakati wa kampeni. Foleni ya mahindi na maharagwe ya shule sikuipanga hata siku moja. Mtoto wa dukani asimame na sahani? Jioni nilikunywa soda, au ile juisi nyekundu ya kukoroga inayopaka ulimi rangi. Chakula cha usiku kikiletwa, mimi nilikuwa nimeshashiba. Nilidonoa wali vijiko viwili, nyama nikawaachia kaka zangu. Mama yangu, Hooyo, akijaribu kuniwekea sukuma wiki, niliisukuma pembeni.

"Majani ni ya mbuzi," nilisema, na nyumba nzima ikacheka, kwa maana ndivyo watu wetu wanavyosema. Nilikuwa na mashavu, na mtoto mwenye mashavu ni sifa ya nyumba. Hakuna aliyeona tatizo.

Nilipokuwa darasa la sita choo kikaanza kuwa kigumu. Zikapita siku tatu bila kwenda, halafu tano, halafu wiki nzima. Nikienda, nilishika ukuta kwa mikono miwili, jasho likinitiririka, na kilichotoka kilikuwa kikavu kama mawe, kikanichana. Siku moja nikaona damu. Nikaogopa sana. Basi nikaanza kukizuia kwa makusudi, na kadiri nilivyokizuia ndivyo kilivyozidi kukauka.

Hooyo aliiona damu hiyo kwenye nguo yangu ya ndani alipokuwa akifua. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Alinikumbatia, akacheka, akatokwa na machozi.

"Hooyo, mashallah, umekuwa mwanamke," aliniambia. Kwetu mama naye humwita mwanawe "hooyo".

Akaninunulia pedi. Akanifundisha namna ya kuoga siku zikiisha, na akaniambia siku hizo nisiswali wala nisifunge. Nilifungua mdomo nimweleze kwamba damu ilitoka mahali pengine, kisha nikaufunga. Niliona haya. Furaha yake ilikuwa kubwa, na mimi sikujua maneno ya kuivunjia. Nikaona afadhali niitwe mwanamke kuliko mtoto anayevuja damu chooni. Nikanyamaza miezi saba.

Katika miezi hiyo mwili ulikwisha taratibu. Kutoka darasani hadi bombani nilihema kama mzee, moyo ukidunda hadi masikioni. Nilipata tamaa ya ajabu ya mchele mbichi, nikawa nauchota kwa konzi kutoka kwenye gunia la duka na kuutafuna. Hooyo alipovuta ngozi ya chini ya jicho langu, ndani palikuwa peupe. Halafu asubuhi moja, tukiwa mstarini tunaimba wimbo wa taifa, nikaanguka.

Hospitalini nilipokelewa na Daktari Mwende, mwanamke wa bara aliyeletwa Garissa kikazi. Aliitazama karatasi ya maabara, akaitazama tena.

"Mama, damu ya huyu mtoto iko chini sana," alisema. "Moyo wake unafanya kazi ya punda. Ikishuka tena tunaweza kumpoteza. Hedhi yake iko namna gani?"

"Nyingi," Hooyo akajibu kabla sijapumua. "Kila baada ya siku chache, daktari."

Nami nikatazama vidole vya miguu yangu. Nilimsikia daktari akisema naweza kufa, na bado haya ilinishinda. Watoto mnaosoma hapa, ujinga huo msiurudie.

Walinilaza, wakaniongezea damu, wakanipa vidonge vya madini ya chuma. Dawa hiyo ni nzuri, lakini kwa tumbo lililofunga kama langu ilikuwa kama kugongelea msumari. Choo kikawa cheusi na kigumu kuliko mwanzo, tumbo likavimba likawa ngoma.

Wageni nao wakaja. Kwetu mgonjwa hatembelewi kwa mikono mitupu. Huyu alileta juisi ya boksi, yule biskuti, mwingine glukosi, mwingine soda. Kando ya kitanda changu pakawa na duka la pili, nami nikaendelea kula kama nilivyozoea.

Siku ya nne akaja Ayeeyo, bibi yangu mzaa mama, kutoka upande wa Bura anakofuga mbuzi. Naye pia alikuja na katoni ya biskuti, kwani kwa mtu wa malishoni hicho ndicho kitu cha heshima. Aliisukuma chini ya kitanda, akaketi, akanitazama. Hakunionea huruma hata kidogo. Akanibonyeza tumbo kwa vidole viwili, kisha akauliza kwa sauti ya kuita mifugo:

"Mavi yako yakoje?"

Wodi nzima ikageuka. "Mama, watu wanasikia!" Hooyo akasema.

"Wasikie. Mbuzi akiugua mimi siangalii uso wake. Naangalia mavi yake."

Katika miezi saba hakuna mtu aliyeniuliza swali hilo. Nililia, na katikati ya kilio nikatapika kila kitu: ugumu, uchungu, kuchanika, na mahali hasa damu ilipotoka. Hooyo alikaa sakafuni. Hakunigombeza. Alishika mguu wangu tu akarudia, "Hooyo, mbona hukusema? Mbona hukusema?"

Daktari Mwende alipoitwa, Ayeeyo alimpokea kwa Kiswahili chake cha sokoni, ambacho "p" hugeuka "b".

"Daktari, wewe najua mbuzi ya mjini?"

"Wale wanaozurura kwa takataka?"

"Hao. Nakula karatasi, nakula katoni, nakula bakiti. Tumbo inajaa, wewe naona mnene. Mimi siwesi nunua hiyo. Ukichinja, ndani ni blastiki tubu. Huyu mtoto ni mbuzi ya mjini."

Daktari akacheka, kisha akaacha kucheka. Alinipima kule nilikokuwa nimeficha, mimi nikiuma shuka, akaukuta mpasuko.

"Mshukuru bibi yako," aliniambia. "Vitu unavyokula havina nyuzinyuzi, vinakaukia tumboni na kukuchana. Damu inavuja kidogo kidogo, na chakula chako hakina cha kuirudisha. Shimo linachimbwa huku, na huku hakuna anayelifukia."

Siku hiyo walinitia maji kwa mpira kutoka nyuma ili tumbo lifunguke. Sitaeleza zaidi, nimeshawaonea vya kutosha. Daktari akabadilisha dawa, akaongeza ya kulainisha choo, akanihimiza maji mengi. Kisha akataja chakula: maharagwe, kunde, papai, maini, mboga za majani.

"Majani?" Ayeeyo akaruka. "Hiyo ni chakula ya mbuzi."

"Na mbuzi wako asipokula majani?"

Ayeeyo akafikiri. "Nakufa," akasema.

Ayeeyo akainama, akaitoa katoni yake chini ya kitanda, akamkabidhi Hooyo aiondoe. Kwetu zawadi hairudi kwa aliyeitoa. Siku hiyo ilirudi, na najua ilimuuma.

Msidhani nilipona kama kwenye sinema. Maharagwe ya wiki ya kwanza yalinipigia tarumbeta tumboni hadi kaka zangu wakahama chumba. Sukuma wiki niliimeza nikiwa nimebana pua. Ayeeyo alikaa nasi miezi miwili, kazi yake kuketi dukani mbele ya ile rafu ya chini na bakora mkononi. Kila asubuhi aliniuliza lile swali lake mbele ya wateja. Papai zilizolimwa kando ya mto Tana zikawa ndizo peremende zangu, na polepole ulimi ukazoea. Maji nayo niliyanywa kama ngamia aliyefika kisimani.

Kisha ikaja asubuhi nilipoingia chooni na kutoka bila uchungu, bila tone la damu. Nilibaki mle ndani nikicheka peke yangu. Alhamdulillahi! Sijui kama mmewahi kumshukuru Mungu kwa jambo hilo. Mshukuruni leo.

Baada ya miezi kadhaa Daktari Mwende alipima damu akatabasamu. Pumzi ilirudi, nikarudi kucheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira. Swala zote nilizoacha bure nilizilipa moja moja. Na hedhi ya kweli ilipokuja mwaka uliofuata, nilimwendea Hooyo nikamwambia, "Sasa hii ndiyo yenyewe," tukacheka hadi tukashikana mabega.

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari, namshukuru Ayeeyo, ambaye hadi leo hali mboga ila nikimtazama. Sisemi mfunge maduka. Aabo bado anauza biskuti, na hizo ndizo zinazonisomesha. Biskuti ya sikukuu haiui mtu. Lakini wazazi, pakiti isiwe asubuhi, mchana na jioni ya mtoto, na mashavu yasiwadanganye. Muulizeni choo chake kikoje. Muulizeni yeye mwenyewe, na mumwache ajibu yeye. Nanyi watoto, aibu ya kusema hupita kabla chai haijapoa.

Mwezi uliopita nilikuwa naanika nguo. Mdogo wangu Ifrah, mwenye miaka tisa, akaja akanivuta baibui, akaniita dada kwa lugha yetu.

"Abaayo, nimeona damu kwa choo."

Nikamuuliza ameiona lini.

"Saa hii tu," akasema. "Si nimetoka huko nikaja kwako?"